Mwaka Niliowasomea Wakulima wa Mwani

Mwalimu Tatu alizikwa kisiwani Juani siku ya Jumanne na mimi sikuwahi kumzika, kwa sababu upepo ulikaza tangu alfajiri na hakuna nahodha wa Utende aliyekubali kuvuka. Nilifika kwenye hitma, Ijumaa, binti wa kaka yangu, Arafa, akinishika mkono tulipokuwa tukishuka kwenye maji ya magotini. Wanawake walijaa kuanzia ukumbini mpaka uani. Nilipata nafasi karibu na mlango wa chumba ambacho zamani kilikuwa changu, nikakaa, nikaitikia dua pamoja na wenzangu, na pilau ilipoletwa tukala sita kwenye sinia moja. Mmoja wa wale sita, mtu mzima kunizidi, alinitazama muda mrefu huku akichambua nyama, kisha akauliza kama mimi si yule msomaji. Nikamjibu ndimi. Akawaambia wengine kwamba huyu ndiye aliyetusomea mwaka ule wa kamba, nao wakasogea kunipisha, ingawa wengine wao mwaka huo walikuwa bado hawajazaliwa. Nimefundisha historia katika shule za sekondari mpaka nimestaafu. Nimeitwa mwalimu, mkuu wa idara, mama, bibi. Hakuna jina lililoniingia moyoni kama hilo la msomaji, nililolivaa mwaka mmoja tu nikiwa na miaka kumi na tisa. Tulipokuwa tunarudi Arafa akaniuliza nilikuwa nawasomea nini, nikamjibu kwa kifupi kwa sababu injini ya boti ilikuwa na kelele. Hapa namjibu kwa kirefu.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na jina langu halikutoka popote. Nikapata kibarua Kilindoni, katika chumba kimoja kilichokuwa maktaba ya elimu ya watu wazima, kupanga vitabu: vya kilimo na afya vibaki, vya siasa vichomwe. Mkubwa wangu hakuwa mtu mbaya. Alinieleza kwa upole kwamba zama zimebadilika, vyama vingi vinakuja, na redio ilishatuambia kwamba ile nchi kubwa iliyojengwa juu ya vitabu vile imevunjika vipande. Siku ya pili ya kazi akaingia mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye ukungu mweupe katika macho yote mawili. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaomba nimsomee majina ya vile vilivyokuwa kwenye lundo la kuchomwa. Nilipokuwa nikimsomea yeye alikuwa akinitajia rangi za majalada. Alikuwa amefundisha kutoka vitabu hivyo kwa miaka mingi, akastaafu, na ugonjwa wa mtoto wa jicho ukamzuia kusoma hata barua. Alichukua sanduku moja la vitabu hivyo. Nikamsaidia kulifikisha kwenye gari, na kabla gari halijaondoka akaniuliza kama ninaweza kwenda kumsomea kwa wiki moja. Chumba kipo, alisema, na chakula nitakula kile kile atakachokula yeye. Nilikwenda kwa wiki moja nikakaa mwaka mzima.

Chumba chenyewe kilikuwa na kitanda cha kamba, mkeka, na lile sanduku, ambalo Mwalimu alikuwa akilipangusa kwa mafuta ya taa ili mchwa wasiliguse, kwa hiyo hata leo nikisikia harufu ya mafuta ya taa nakumbuka nadharia kabla sijakumbuka taa. Asubuhi tulikunywa chai ya mchaichai na muhogo wa kuchemsha. Mchana ugali au wali, na mchuzi wa pweza aliyepigwa mpaka amelainika. Baada ya adhuhuri nilikaa kizingitini, yeye kitandani, nami nikisoma. Kulikuwa na kijitabu kimoja alichokipenda kuliko vyote, kimechoka, jalada limetoka, kinaeleza kwa Kiswahili cha darasani mawazo ya yule Mjerumani wa karne ya kumi na tisa juu ya kazi na wenye mali. Nje ya chumba hicho, umbali wa ukuta wa makuti, kulikuwa na banda ambalo wanawake wa mwani walikaa kufunga mbegu kwenye kamba wakati wa maji mafu, pale ambapo bahari haiondoki vya kutosha kuwaruhusu kwenda shambani. Siku ya tatu au ya nne sauti ikatoka upande wa pili wa ukuta: "Mwalimu, huyo binti asomee huku nje. Na sisi tuna masikio." Sauti hiyo ilikuwa ya Bi Nuru, mwanamke mfupi mwenye mikono mipana, ambaye hakuwahi kuingia darasani hata siku moja na ambaye nimepata kumwogopa kuliko mkaguzi yeyote wa elimu.

Nikahamia bandani. Walikuwa wanawake arobaini na kitu, na kila mmoja ana kamba miguuni pake na beseni la mbegu ubavuni. Kilimo cha mwani kilikuwa bado kigeni kwao. Alikileta Bwana Hafidhi, wakala wa kampuni moja, na mpango wake ulionekana mwema sana: kamba na vigingi anatoa yeye bure, mwanamke analima, na kwa kuwa kamba ni zake, mwani lazima auziwe yeye, upimwe katika ghala lake ng'ambo, mlango ukiwa umefungwa na mkulima asiione mizani. Yeye hakuwahi kulowa. Nilianza kusoma kwa woga. Nilipofika kwenye neno wavujajasho, Bi Nuru akanyanyua kichwa akauliza hao ni akina nani. Nikamwambia ni nyinyi. Akasema, "Sisi tupo majini mpaka kiunoni, hilo jasho litaonekana wapi?" Wakacheka wote, na Mwalimu akacheka kuliko wote, na tangu siku ile neno hilo likawa letu. Aliyechelewa kufika bandani aliulizwa kama leo jasho limekauka.

Nisiseme kwamba waliyameza mambo kama dawa. Nilipowasomea sura inayosema nyenzo za kazi ziwe mali ya wote, mikono ikasimama kwenye kamba, na si kwa kukubali. Bi Nuru akaweka kamba chini. Akasimulia shamba la ujamaa la enzi zile, korosho na mihogo, jinsi walivyoamshwa kwenda kulima kwa zamu na kuambiwa kila siku kwamba mali ile ni yao sote. "Mali ilikuwa yetu sote," akasema, "na ufunguo wa stoo ulikuwa kwa mwenyekiti." Nilimtazama Mwalimu nikingoja amjibu, maana alikuwa mmoja wa waliokuwa wakihubiri shamba lile. Akasema Nuru ana haki, na kwamba yeye mwenyewe aliuona ufunguo ule akaona haya kuuliza. Nimesoma vitabu vingi tangu hapo, vingine vinene kama tofali, vilivyoandikwa na wasomi kueleza kwa nini jaribio letu lilishindwa. Sijaona kilichofika mbali kuliko sentensi ile ya mwanamke asiyejua kusoma. Na sikuona pia kwamba sentensi ile inakifuta kile kijitabu. Niliona inakimalizia. Kijitabu kiliuliza mali ni ya nani, naye akaongeza swali la nani anashika ufunguo, na mtu mwenye maswali hayo mawili haongopewi kirahisi.

Kitu kingine lazima nikiri. Kijitabu kilijaa viwanda, makoti na vitambaa vya kitani, vitu ambavyo havikuwa na maana Juani. Nikaanza kubadilisha. Palipoandikwa kitani nikasoma mwani, palipoandikwa mtambo nikasoma kamba, na baada ya mwezi nikawa naongeza sentensi nzima za kwangu, kwa sauti ile ile ya kitabu. Wanawake walipenda sana sehemu moja iliyosema kwamba asubuhi unajilimia wewe na jioni unamlimia mwenye kamba, ila jua ni moja ndiyo maana huoni mpaka. Jioni ya siku hiyo, tukiosha vyombo, Mwalimu akaniambia kwa utulivu kwamba maneno yale hayamo. Alikijua kitabu kwa moyo. Nikainama nikingoja kugombezwa. Akasema, "Uliyoongeza leo ni kweli. Siku utakayoongeza uongo, nitakusimamisha mbele yao." Hakunisimamisha kwa ajili ya uongo. Alinisimamisha kwa jambo jingine, na lilikuwa baya zaidi.

Kabla sijalifikia jambo hilo nimseme Arafa, kwa sababu alipokuwa ameketi nami kwenye boti siku ya hitma alikuwa anafanya kazi. Ana simu kubwa, na kampuni ambayo hajui ofisi yake iko nchi gani humtumia picha, naye huzungushia mistari magari, miti na watu, ili mashine zijifunze kuona. Akikosea mara kadhaa mlango wa kuingilia kazini humo simuni unafungwa, na hakuna wa kumuuliza. Nilimuuliza ameajiriwa na nani, akanijibu kwa fahari, "Shangazi, mimi nimejiajiri." Ni neno zuri, na vijana wamelipenda, hata wale wa bodaboda za Kilindoni wanaoendesha pikipiki za watu wamejiajiri. Sikumbishia. Nilimuuliza tu, kama nilivyofundishwa kuuliza nikiwa kijana, hizo picha ni za nani, hiyo mashine itakapojua kuona itakuwa ya nani, na nani anashika ufunguo wa huo mlango unaofungwa. Akazima simu, hakuiwasha tena mpaka tukagusa mchanga wa Utende. Watu huniambia mawazo yale yamepitwa na wakati. Mimi nasema nchi zilizoyatumia vibaya ndizo zilizopitwa. Swali la anayefanya kazi na anayeshika nyenzo limehama tu kutoka kwenye kamba hadi kwenye simu, na wala halijazeeka hata siku moja.

Sasa lile kosa langu. Mwalimu alikuwa na kurasa mbili ambazo kila tulipozikaribia alisema turuke. Nilizisoma peke yangu, nikaona mwandishi anazungumzia dini, kwamba imewekwa ili maskini wavumilie. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa nimelewa kusikilizwa. Siku moja Mwalimu alipokwenda kumzuru mgonjwa, nilizisoma kurasa zile bandani, kwa sauti kubwa, bila kubadilisha neno. Sikumaliza ukurasa wa kwanza. Mwanamke mmoja alisimama, akakusanya kamba zake, akaondoka bila kuaga. Wakafuata wengine. Bi Nuru alikuwa wa mwisho, na alinitazama kwa huzuni kuliko hasira. Mwalimu aliporudi alikuta banda tupu. Hakupaza sauti. Alinipeleka kesho yake nyumba kwa nyumba, akanisimamisha mlangoni kwa kila mmoja, nikaomba radhi mara arobaini na kitu. Walinisamehe kwa maneno, lakini bandani hawakurudi. Kamba walizifungia majumbani mwao, kila mtu peke yake.

Bwana Hafidhi alizipata habari. Akaja na tabasamu, akanikuta nikichota maji, akaniambia kwamba kijana mwenye elimu kama mimi hafai kupotea na watu wazima. Ghalani kwake kuna nafasi ya karani, na kiti cha kukalia. Palepale kisimani akawaambia waliokuwepo kwamba ameumia sana kusikia wanawake wa Kiislamu wanafundishwa kumkana Mungu. Nilisema nitafikiri. Nasema ukweli: nilifikiri. Usiku ule ule nikiwa kitandani nilisikia kutoka nyumba ya pili Bi Nuru akibishana na mumewe. Mume alikuwa anasema yale maneno ya bandani ni kufuru na mkewe asikanyage tena kwa Mwalimu. Bi Nuru alikuwa anamjibu kwa sauti ya mtu anayechambua mchele. Alimwambia kwamba kurasa zile hazikumpunguzia rakaa hata moja, lakini ghala la Hafidhi limempunguzia mengi, na kama ni kufuru, aende kwanza akaifukuze ile iliyoko mlangoni mwa ghala. Asubuhi nilimpelekea Hafidhi jibu kwamba kiti sikitaki.

Aliyetufungulia njia ni khatibu wa msikiti, mtu mkali, asiyependa maneno mengi. Alikuja kwa Mwalimu akataka asomewe kijitabu chote, pamoja na kurasa zile mbili. Alikaa alasiri tatu, tasbihi mkononi, hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza akasema, "Aliyeandika haya, katika habari ya Mungu amekosea, na atajibu mwenyewe. Lakini habari ya mwenye nguvu kumpunja asiye na nguvu sikuisikia kwake kwanza. Nimeisema juu ya mimbari kabla huyu binti hajazaliwa." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, ukiwasomea watu, watazame nyuso." Nimeingia madarasani miaka yote hiyo na somo la ualimu lililonifaa ni hilo moja. Neno lake likaenea, na wiki iliyofuata wanawake wakarudi bandani, wachache kwanza, halafu wote. Hatukusoma siku hiyo. Bi Nuru alikuja na jambo.

Jambo lenyewe lilikuwa pwani, ndani ya matope. Wanawake watu wazima wa Juani walikuwa na mashimo ya makumbi ya nazi, yaliyofukiwa miezi mingi yapate kuoza, kwa ajili ya usumba wa kusokota kamba, kazi ya bibi zao ambayo ilikuwa inakufa kwa sababu ya kamba za dukani. Bi Nuru alisema kama tatizo ni kwamba kamba ni za Hafidhi, basi na tuwe na kamba. Ilikuwa rahisi hivyo, na sote tulioishika nadharia kwa miezi hatukuiona. Tulifukua makumbi, harufu yake ikatukaa nguoni, tukayapiga, tukasokota mpaka viganja vyangu vikatoka malengelenge na kisha vikaota sugu. Hapo ndipo nilipoacha kuwa msomaji tu. Niliwaomba nami nilime, wakanionyesha kipande, nikapigilia vigingi vyangu na kunyoosha mistari sita. Bamvua la kwanza, maji yalipotoka mbali tukaenda shambani, lilituaibisha. Usumba ulikuwa mzito, mbegu nyingi zilichomoka zikaenda na maji, na wanawake wawili wakarudi kwenye kamba za Hafidhi, hakuna aliyewasema. Bamvua la pili tulifunga kwa nyuzi za nyavu chakavu, na mwani ukashika.

Nitaanza na matokeo, kwa sababu sitaki mtu adhani tuliangusha ubepari. Tulikuwa tumepanga mambo mawili: kamba ziwe zetu, na mizani ije ufukweni kwetu, mchana, mbele ya kila mtu. Yote mawili tuliyapata. Bei hatukuipata, bei ilipangwa mbali sana, mahali ambapo hata Hafidhi alikuwa anapokea amri. Miaka ya baadaye bahari ilipata joto, mwani ukawa unaoza kabla ya kuvunwa, na wengi wakaacha. Lakini ghala ambalo wanawake walijijengea baadaye kwa udongo na mawe lipo hadi leo, lina kufuli mbili, na funguo hukaa kwa wanawake wawili wasio ndugu, nao hubadilishwa kila mwaka. Mwalimu ndiye aliyeishi kuliona hilo kwa macho yake mwenyewe, maana alipasuliwa mtoto wa jicho na akaona tena. Mimi niliondoka mwaka ulipokwisha kwenda chuo cha ualimu. Kwa hiyo ninayoyajua vizuri zaidi ni ya ile siku aliyokuja Hafidhi.

Alikuja asubuhi, maji yametoka, na akaona wanawake wanavuna kutoka kwenye kamba asizozijua. Akashuka, akavua viatu, ikawa mara yetu ya kwanza kuiona miguu yake. Wanawake wakamweleza mambo yao mawili, la kamba na la mizani, akasikiliza. Hakukasirika, alikuwa mtu mwenye akili. Alitoa daftari akasema mambo haya yanazungumzika, ila yeye hawezi kuzungumza na umati. "Nani kiongozi wenu?" akauliza. "Nipe jina moja niandike." Nilimtazama Mwalimu, na Mwalimu alikuwa ametazama chini. Sote tulijua jina lile moja lingeishia wapi: lingeitwa ghalani, lingepewa kiti, lingepewa ufunguo. Bi Nuru akasogea mbele, maji yakimtiririka kwenye kanga. Hafidhi akaweka kalamu tayari akidhani amempata.

"Andika," Bi Nuru akasema.

"Niandike nani?"

"Sote."

Akajaribu kucheka. Akasema jua kali. Bi Nuru akaanza na la kwake, Nuru binti Saidi, polepole, kama anayemwandikisha mtoto shule, kisha akampisha wa nyuma yake. Hafidhi alinipa mimi kalamu akaniomba, kwa kuwa nimesoma, nimsaidie. Nikamwambia kalamu ni yake. Basi akaandika mwenyewe, amesimama mchangani, jina la mtu na la baba yake, wale wawili waliorudi kwenye kamba zake wakiwa nao kwenye mstari, na hakuna aliyewatoa. Maji yakaanza kurudi yakamfika kwenye vifundo vya miguu, naye bado anaandika. Mwalimu Tatu alisema la kwake kwa sauti ya darasani. Mwisho akafika kwangu, akanyanyua macho. Akasema wewe ni msomaji tu, wewe si mkulima. Nikamwonyesha kipande changu kwa kiganja kilichokuwa na sugu, mistari sita, si mizuri, mmoja umelegea. Nikataja jina langu na la baba yangu, Zuhura binti Omari. Wino ulikuwa unamwishia. Alilikandamiza jina langu kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka, lakini aliliandika.